Kushusha Hilux ya zamani: inchi nne ni nyingi?

"Nina Hilux LN85 ya mwaka 1992, injini ya 2L ya dizeli, inayosukuma tairi za nyuma tu. Naitumia mjini Tanga, na mara moja au mbili kwa wiki inabeba saruji, kama mifuko kumi hivi. Nataka niishushe inchi nne mbele na nyuma, kisha niweke rimu za 17 na tairi pana. Fundi wangu anasema springi za nyuma tutazichoma kwa gesi na kutoa majani mawili, na mbele tunalegeza bolti tu. Rafiki yangu alifanya hivyohivyo. Sasa gari lake linarukaruka kama punda, na tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani. Je, kushusha gari ni lazima kuliharibu? Na inchi nne ni nyingi?"

Ndugu yangu, nianze na la mwisho. Kwa pikapu inayobeba saruji, inchi nne ni nyingi. Mbele unaweza kushuka sentimita 4 hadi 5, yaani karibu inchi mbili, na gari likabaki zuri kuendesha. Nyuma jibu liko kwenye futikamba yako, na nitakuonyesha namna ya kulipata kabla hujanunua hata nati moja. Gesi ya kuchomea na ibaki kwenye mtungi wake.

Kilichomkuta rafiki yako kina sababu inayoeleweka. Watu wengi wanadhani gari lililoshushwa linakuwa gumu kwa sababu springi "imekaza". Ukweli ni kwamba springi inaweza kuwa ileile kabisa. Kilichopungua ni nafasi ya tairi kupanda kabla ekseli ya nyuma, au mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele, haujagonga raba ya stopa, ile raba nyeusi iliyofungwa kwenye chasisi. Tairi likikanyaga shimo, springi inaanza kufanya kazi, lakini ndani ya sentimita mbili tatu raba imeshagongwa. Kuanzia hapo gari halina springi tena. Unaendesha juu ya raba. Ndiyo ule mrukoruko wa punda. Na shokapu zikiwa ndefu kama za zamani, nazo zinafika mwisho wa kujikunja, zinagonga ndani, na baada ya muda mfupi unaona mafuta yanavuja.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha nafasi hiyo. Egesha Hilux mahali tambarare, ikiwa tupu, upepo wa tairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, uandike. Halafu ingia chini upime kutoka kwenye raba ya stopa hadi mahali inapogonga, mbele na nyuma. Sasa pakia mifuko yako kumi upime tena nyuma. Tuseme gari tupu lina sentimita 10 hadi kwenye stopa, na saruji, kilo 500, inalilaza sentimita 6. Zinabaki 4 za kuchezea barabarani. Ukishusha inchi mbili, gari tupu linabaki na sentimita 5, maana yake mfuko wa kumi haujapanda na umeshalalia stopa. Namba hizi ni za mfano tu. Zako utazipata mwenyewe. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: baada ya kushusha, na mzigo wako wa kawaida ukiwa juu, nyuma ibaki na sentimita 3 angalau. Ikiwa hesabu inakuruhusu inchi moja tu, basi ni inchi moja, au saruji itafutiwa gari jingine.

Kumbuka pia kwamba kiwandani pikapu hutoka nyuma ikiwa juu kidogo kuliko mbele, ili ikipakiwa isawazike. Ukiishusha nyuma hadi ilingane na mbele ikiwa tupu, siku ya mzigo itanyanyua pua, na taa zako zitawapofusha wenye magari yanayokuja. Mtu asiyebeba kitu anaweza kupuuza hilo. Wewe huwezi.

Sasa springi za nyuma. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo linalodhibitiwa. Fundi anayelichoma jani kwa gesi hadi liwe jekundu anafuta kazi hiyo yote pale moto ulipogusa. Siku ya kwanza gari litashuka na utafurahi. Kisha sehemu iliyochomwa inalainika na kuendelea kulala, upande mmoja zaidi ya mwingine kwa sababu hakuna anayeweza kuchoma pande mbili sawasawa kwa macho. Na pale joto lilipoishia, mpaka wa chuma laini na chuma kigumu, ndipo jani hukatika. Likikatika jani kuu, lile lenye macho ya bushi, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linajigeuza lenyewe barabarani.

Kutoa majani nako kuna udanganyifu wake. Lile jani nene la chini, lililonyooka, haligusani na mengine gari likiwa tupu. Linaanza kazi mzigo ukiingia. Ukilitoa, gari halishuki hata kidogo, lakini umeshapoteza nguvu ya kubeba. Ukitoa majani ya katikati, gari litashuka, ila springi inakuwa laini na kugonga stopa haraka zaidi, wakati nafasi yenyewe imeshapungua. Unapoteza mara mbili. Ipo njia halali ya kupunguza upinde: karakana ya springi inaweza kulibonyeza jani likiwa baridi, kidogo kidogo kwa presi, majani yote ya pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye presi. Jua tu kwamba jani likinyooka linarefuka, na shakeli, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwenye chasisi, inasukumwa nyuma zaidi. Isilale hadi ikaribie chasisi.

Njia rahisi na ya kuaminika zaidi kwa Hilux yako ni bloki. Lala chini utazame: kwenye pikapu nyingi za aina hii zisizo na fowili (yaani zisizosukuma tairi zote nne), ekseli imekaa juu ya springi. Bloki ikiingia katikati, kati ya springi na ekseli, ekseli inapanda na bodi inashuka. Lakini kwenye gari ambalo springi iko juu ya ekseli, kama Hilux ya fowili, bloki ileile italinyanyua gari. Wapo walionunua bloki za kushusha wakaishia kupandisha, vilevile kama wanaofunga shakeli ndefu wakitegemea gari lishuke, ilhali shakeli inayoning'inia chini ya chasisi ikirefushwa inasukuma mkia juu.

Bloki iwe kipande kimoja cha chuma au alumini nzito, yenye kichwa upande mmoja na tundu upande wa pili vya kushika senta bolti, ile bolti ya katikati inayofunga majani pamoja. Kichwa hicho ndicho kinachozuia ekseli isiteleze. Usikubali bloki ya mbao, wala vipande viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Usizidi inchi tatu hata kwa gari lisilobeba, kwa sababu kadiri bloki inavyokuwa ndefu ndivyo ekseli inavyopata mkono mrefu wa kuisokota springi ukikanyaga mafuta. Yu-bolti, zile bolti zilizopinda zinazobana ekseli na springi, ziwe mpya, ndefu kwa kadiri ya bloki. Za zamani zimeshavutika, na iliyoungwa kwa kuchomelea haifai hata kujadiliwa. Kaza kwa msalaba, hatua kwa hatua, gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Nguvu ya kukaza ifuate kitabu cha gari, kwa spana ya kipimo. Baada ya kilomita 100 kaza tena. Usiruke hatua hiyo, maana rangi na kutu vikisagika kati ya bloki na kiti cha springi, bolti zinalegea.

Kabla ya kufunga, angalia vitu vitatu vinavyosahaulika. Bomba la ekzosi linalopita juu ya ekseli litaligonga. Propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu ya nyuma, inapanda, na mahali senta beringi, beringi inayoishika katikati, ilipofungwa pembe inabadilika. Ukisikia mtetemo kuanzia kilomita 60 kwa saa ambao haukuwepo, krosi, yaani viungio vya shafti hiyo, zinafanya kazi kwa pembe mbaya. Pima pembe ya difu kwa programu ya kupima mlalo kwenye simu kabla na baada. Ikiwa imesogea, kabari ndogo ya chuma kati ya bloki na springi huirekebisha, au kimo cha senta beringi kinarekebishwa. Cha tatu ndicho kinachoua watu, kwa hiyo nitakikalia kidogo.

Hilux nyingi za kizazi hiki zina vali ya breki inayosoma mzigo. Iko kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, na ina fimbo iliyoungwa kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali inapunguza presha ya breki za nyuma. Ukipakia, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu presha zaidi kwa sababu tairi za nyuma sasa zina uzito wa kushika lami. Ukishusha gari kwa bloki, vali inadanganyika: inaona ekseli iko karibu, inadhani umebeba, inapeleka presha nyingi nyuma ya gari tupu. Mvua ikinyesha, ukikanyaga breki kwa ghafla, tairi za nyuma zinakwama kabla ya za mbele na mkia unakuja mbele. Dawa yake ni kuishusha sehemu fimbo inapoungana na ekseli kwa kipimo kilekile cha bloki, kwa bano iliyotengenezwa vizuri, ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya awali. Halafu jaribu kwenye uwanja mtupu wenye changarawe, kwa kilomita 30 kwa saa: tairi za mbele zikwame kwanza. Zikikwama za nyuma kwanza, usiingie barabarani. Nenda kwa fundi wa breki mwenye geji za presha. Na yeyote anayekushauri uing'oe vali hiyo, muulize kama yeye ndiye atakayeendesha.

Tuhamie mbele. Hapo fundi wako ana haki nusu. Hilux yako haina springi ya mzunguko mbele. Ina tosheni baa, fimbo ndefu ya chuma inayotoka kwenye mkono na kwenda nyuma hadi kwenye mtambaa wa chasisi, nayo hufanya kazi kwa kujipinda. Mwisho wake kuna bolti ndefu ya kurekebisha. Ukiilegeza, gari linashuka, na ugumu wa fimbo unabaki uleule. Kwa hiyo ndiyo, ni "kulegeza bolti", ila kuna utaratibu wake.

Piga brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Pima nyuzi za bolti zinazoonekana pande zote mbili, uweke alama ya rangi. Nyanyua mbele, weka stendi chini ya chasisi, acha tairi zining'inie ili fimbo ipunguze nguvu. Usikae chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake. Legeza nati ya kufungia, kisha rudisha bolti mizunguko sawa kulia na kushoto, mitatu au minne kwanza. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze kwenye bampa mara kadhaa, ndipo upime. Ukilipima mara tu baada ya kutoa jeki utapata namba ya uongo, kwa sababu tairi bado zimejibana. Rudia hadi ufike unapotaka, tofauti ya kulia na kushoto isizidi milimita 5. Bolti isilegezwe hadi ikaribie kutoka. Ikiisha nyuzi, fimbo inatakiwa kutolewa na kuhamishwa jino moja kwenye meno yake, na hiyo ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya.

Raba ya stopa ya mbele ibaki na nafasi ya sentimita 2 angalau. Ikipungua, unaweza kukata raba hadi nusu, lakini usiing'oe, maana chuma kikigonga chuma ni mkono au chasisi inayopasuka. Shokapu nunua fupi zinazolingana na kimo kipya. Namna ya kujua: toa shokapu ya zamani, nyanyua mkono kwa jeki hadi stopa iguswe, pima umbali kati ya sehemu mbili za kufungia. Shokapu mpya ikijikunja kabisa iwe fupi kuliko namba hiyo kwa sentimita 2. Zipo pia stabu za gurudumu zilizotengenezwa na shina lililohamishwa juu, zinazoshusha gari inchi mbili bila kugusa tosheni baa wala nafasi ya stopa. Kwa mwenye uwezo wa kuagiza, hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Bei yake na usafiri ndivyo vinavyozifanya ziwe adimu kwetu.

Na tairi kuliwa ndani? Gari likishuka, mikono ya juu na ya chini inabadili pembe, juu ya tairi inaingia ndani. Tairodi, zile fimbo za usukani, nazo zinabadili pembe, na mbele ya tairi zinafunguka au kufunga. Wengi wanalaumu ule mlalo wa tairi, lakini kinachokula tairi haraka zaidi ni huko kufunguka. Ndiyo maana alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi, ni lazima, tena baada ya gari kuendeshwa siku mbili tatu likae. Mwambie fundi wa alaimenti akupe mlalo usiozidi digrii 1 kuelekea ndani, na mbele ya tairi ziangaliane kwa milimita 1 hadi 3. Kwenye Hilux hii mlalo hurekebishwa kwa shimu (vile vibati vyembamba) za mkono wa juu. Akisema "hairekebishiki" na hajagusa shimu, tafuta mwingine. Kabla ya yote hayo, boljointi, bushi, na tairodi endi zilizochoka zibadilishwe. Gari la miaka zaidi ya 30 lenye bushi zilizokufa haliwezi kushika alaimenti hata likiwa na kimo cha kiwandani.

Rimu za 17 zina tatizo ambalo halionekani kwa macho. Tairi ya asili ya pikapu kama yako, 185R14C, ina namba ya uzito 102, yaani kilo 850 kila tairi. Ukiweka 215/50R17, kipenyo kinakaribia kulingana, kama milimita 647 kwa 650, na spidomita haitadanganya sana. Lakini hiyo ni tairi ya saluni: namba 91 ni kilo 615, hata ile iliyoimarishwa ya 95 ni kilo 690. Tairi mbili za nyuma zinatoka kilo 1,700 hadi chini ya 1,400, na ukuta wake mfupi unaikabidhi rimu kila shimo. Kwa kazi yako chukua rimu za 15 na tairi 195/70R15C yenye namba 104: kilo 900, kipenyo milimita 654, na gari lililoshuka linajaza vizuri uwazi wa bodi. Haina mbwembwe za 17, najua. Ukishikilia 17, basi gari liache saruji.

Kuna kipimo kimoja kizuri kutoka Marekani. Kuanzia 1958 hadi mwisho wa 2023 sheria ya jimbo la California ilikataza gari lililobadilishwa hadi sehemu yake yoyote, isipokuwa magurudumu, ikawa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mantiki ya kipimo hicho ni kwamba tairi ikipasuka, gari liangukie rimu na si chasisi au sampu ya oili. Vuta kamba kutoka ukingo wa chini wa rimu moja hadi nyingine, kwa urefu na kwa mshazari. Kisichogusa kamba kiko salama. Kisha pima tuta unalopita kila siku ulinganishe na sehemu ya chini kabisa ya gari katikati, mzigo ukiwa juu.

Kuhusu mifuko ya hewa badala ya springi: inavutia, unashuka ukiegesha na kupanda ukiendesha. Inahitaji kompresa, tangi, vali, na mara nyingi kukata chasisi juu ya ekseli ili ipate nafasi. Hapo, na popote penye kukata chasisi, usimtegemee fundi wa mageti. Chasisi hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mkato wake unazungushiwa bamba la chuma lililokatwa kwa kipimo, na anayeuchomelea awe mtu wa chasisi za malori. Kwa gari la pwani kama la Tanga, kabla hata ya bloki, gongagonga chasisi kwa nyundo ndogo juu ya ekseli na kwenye vishikio vya springi. Sauti ikiwa butu, au magamba ya kutu yakidondoka, mradi wa kushusha unasimama hapo hadi chasisi ikaguliwe. Hata kile kishikio cha tosheni baa kwenye mtambaa kikaguliwe. Kinabeba nguvu kubwa, na kikipasuka wakati bolti inalegezwa, mkono wa fundi uko jirani.

Waarifu watu wa bima mabadiliko uliyofanya, na ukishamaliza alaimenti elekeza taa upya ukutani, gari likiwa tupu na likiwa na saruji. Usukani ukivuta upande mmoja, ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma kwenye tuta, au harufu ya raba ikitoka kwenye bodi ukikata kona, rudisha bolti za mbele hadi kwenye ile alama ya rangi, kisha upeleke gari gereji.